Pete ndani ya mkate, na mimi niko eda

Mdogo wangu wa ketaring kanitumia voisi jana, kapata oda ya watu wanaotaka sherehe ya Kiayalandi tarehe 17 Machi, sikukuu yao ya Mtakatifu Patrick, na menyu keshaandika, pilau ya kijani, keki ya kijani, juisi ya kijani, na nyama ya ng'ombe ya chumvi. "Dada si uliishi kule, niangalizie." Nikamwambia mwaya toa hizo rangi. Na hiyo nyama ni mambo ya Waayalandi wa Marekani, walifika New York wakakuta ng'ombe bei nafuu kuliko nguruwe, wakawa wananunua kwa mabucha wa Kiyahudi. Kwao huko Ayalandi, mji wa Cork enzi hizo ulikuwa unatia ng'ombe chumvi kwa mapipa na kupakia melini, ila mkulima mwenyewe anakula kiazi. Weka mchuzi wa kondoo na viazi na vitunguu, usiuongeze pilipili manga ukaja kunisingizia. Weka mkate wa bekingi soda na mtindi, ule wa kukatwa msalaba juu. Weka colcannon, vile viazi vyao vya kuponda na majani. Nilipofika kwenye barmbrack, mkate wao wa zabibu, nikamwambia ngoja nitakupigia.

Nilikuwa nakaa Cork kwa bimkubwa mmoja mjane, mimi na dada wa Nyeri, nesi. Nyumba ile nguruwe yuko kila mahali, asubuhi soseji, jioni hata kabichi inachemshwa kwenye maji ya bekoni humo humo, kwa hiyo mimi nikawa mtu wa mayai. Sasa ikafika usiku wa 31 Oktoba, bimkubwa akatangaza leo tunakula chungu kimoja sote. Kumbe zamani Wakatoliki wao mkesha wa Watakatifu Wote hawagusi nyama, ndiyo maana chakula cha usiku ule kikawa cha viazi. Akaponda viazi na maziwa ya moto, akachanganya majani kama sukumawiki yaliyokatwa nyembamba na majani ya kitunguu, akatoboa shimo katikati akalijaza siagi, unachota pembeni unachovya kati. Ndiyo colcannon hiyo. Dada wa Nyeri akaonja, akaniangalia, "Si hii ni mukimo, mahindi tu ndiyo hakuna." Sahani moja ikawekwa dirishani ya marehemu wa nyumba. Mimi mtoto wa Tanga, nikajifanya sijaona.

Halafu chai. Nzito, na maziwa, na dada wa Nyeri kila siku anamkumbusha bimkubwa kwamba chai yao nyingi inatoka Kenya. Na mkate wenyewe, barmbrack, mweusi mweusi, umejaa zabibu zilizolala usiku kucha kwenye chai. Wengine wanalaza kwenye wiski, mimi alinilazia kwenye chai. Humo ndani anaficha vitu vimefungwa karatasi, sarafu ukiipata ni utajiri, kitambaa ni ufukara, pete ni ndoa kabla mwaka haujaisha. Anakata mwenyewe, anagawa mwenyewe.

Nikapaka siagi, nikang'ata. Ka! Nikajua jino limeondoka. Nikatema kwenye kiganja, karatasi imelowa siagi, naifungua taratibu, wale wawili wameacha kutafuna, ndani pete ya shaba nyembamba hata kidole cha mtoto haiingii vizuri. Bimkubwa akapiga makofi kama goli limeingia, "Harusi! Harusi!" Dada wa Nyeri hakupiga. Yeye ndiye peke yake aliyejua kwamba siku chache nyuma nimeletewa talaka kwa meseji, mistari miwili, moja ya salamu. Niko eda. Mwanamke wa eda haposwi hata kwa masihara, na mimi hapa nimetafuna pete. Nikaanza kucheka, kicheko kikakataa kukatika, kikageuka, mnajua kinavyogeuka.

Ikabidi bimkubwa aelezwe. Eda nilimweleza ovyo ovyo, na Kiingereza changu cha kulia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye alipoolewa nchi yao haikuwa na talaka kabisa kisheria, mpaka walipopiga kura 1995, na kura yenyewe ilipita chupuchupu. Akasema kuna watu wa rika lake aliowajua ambao wangetoa shamba wapate meseji kama yangu. Sikujua nishukuru au nikasirike. Akanikatia kipande kingine, hicho akakitoboa toboa kwanza na kisu.

Eda iliisha, mwaka ukaisha, harusi hakuna. Ilikuja baadaye sana, na pete ile haikuhusika, ilishapotea nikihama.

Ila dada wa Nyeri tulipoonana Nairobi akaniambia usiku ule alimwona bimkubwa akiizungusha sahani ya mkate kabla ya kutugawia, akihakikisha kipande fulani kimekaa upande wangu. Nikamuuliza, kwani ulikuwa umeshamwambia? Akaapa hakusema neno. Mimi nilikuwa naongea na simu jikoni kwa Kiswahili, kwa sauti, wiki nzima, na bimkubwa alikuwa hapo hapo anamenya viazi.