Waliokataa kuanzishiwa shule yao

Wanafunzi wakigoma huku kwetu, barua yao naweza kuiandika mwenyewe kabla hawajaileta. Maharage yana wadudu. Maji hakuna. Mwalimu wa fizikia kaondoka tangu Februari. Matroni ana mdomo. Nafundisha historia sekondari, barua za namna hiyo nimezisoma nyingi, na karibu zote zina ukweli wake. Sijawahi kupokea barua inayosema: tafadhali, msituanzishie shule mpya.

Wanafunzi wa Jajce walidai hilo.

Jajce ni mji mdogo katikati ya Bosnia na Herzegovina. Kwa sensa ya 2013 manispaa nzima ilikuwa na watu 27,000 hivi, karibu nusu Wabosniaki, ambao kwa asili ni Waislamu, na karibu nusu Wakroati, ambao ni Wakatoliki. Watoto wao hutenganishwa tangu shule ya msingi, hawa na mtaala wao na wale na wao. Wanakuja kukutana sekondari. Huko walikuwa wakikaa darasa moja, ila mtaala uliotumika ulikuwa wa Kikroati. Mwaka 2016 bunge la kantoni, yaani la mkoa wao, likaamua ianzishwe sekondari nyingine yenye mtaala wa Kibosnia, ili Wabosniaki nao wapate yao. Ukiisoma kwenye karatasi, ni habari njema kabisa: shule imeongezeka, na kila jamii imepata haki yake. Wanafunzi wa pande zote mbili wakaingia barabarani kuipinga. Mpango ukatulia, kisha ukafufuka, na Juni 2017 wakaenda kuandamana Travnik, makao makuu ya kantoni, wakiungwa mkono na wenzao wa miji mingine. Walibeba bango lililosema ubaguzi ni uwekezaji mbaya. Serikali ya kantoni ikarudi nyuma. Shule haikuanzishwa.

Habari hii niliifahamu nikiwa Sarajevo kwa masomo, na mtu aliyenieleza ni mama mwenye nyumba niliyopanga, mwalimu mstaafu wa jiografia. Alipojua nafundisha historia, kitu cha kwanza alichoniuliza ni kwamba kwetu zipo historia ngapi. Nilidhani Kiingereza chake kimeteleza. Hakikuwa kimeteleza.

Lazima nieleze kidogo nchi ilivyopangwa, maana bila hapo hasira ya wale vijana haieleweki. Vita ya 1992 hadi 1995 iliua watu wapatao 100,000. Mkataba ulioimaliza ulikubaliwa kwenye kambi ya jeshi la anga huko Dayton, Ohio, Novemba 1995, ukatiwa saini Paris mwezi uliofuata, na katiba ya nchi hadi leo ni kiambatisho namba 4 cha mkataba huo. Ilipatikana nchi yenye sehemu mbili, Shirikisho la Bosnia na Herzegovina, lenye Wabosniaki na Wakroati wengi, na Republika Srpska, yenye Waserbia wengi, jamii ya tatu ya nchi, kisha Brčko ikawa wilaya inayojitegemea. Shirikisho nalo likagawanywa kantoni 10, na elimu ikawekwa mikononi mwa kantoni. Kwa hiyo wizara ya elimu ya taifa hakuna. Wapo mawaziri wa elimu 10 wa kantoni, ongeza wa Republika Srpska, ongeza wa Shirikisho ambaye kazi yake ni kuratibu, ongeza na idara ya Brčko. Wote hao ni kwa nchi ya watu milioni tatu na nusu. Dar es Salaam peke yake inawazidi.

Amani ilipotulia, wakimbizi wakaanza kurudi walikofukuzwa, na watoto wao wakakuta shule ya mji iko chini ya upande mwingine, na vitabu vya upande mwingine. Hapo ndipo ukapatikana mpango unaoitwa shule mbili chini ya paa moja. Ulikusudiwa kuwa wa muda: waingie kwanza, wazoeane, kisha waunganishwe. Mwaka 2018 OSCE, Shirika la Usalama na Ushirikiano Ulaya, ilipotoa ripoti yake, bado zilikuwapo shule 56 za namna hiyo katika maeneo 28. Jengo moja, wakuu wawili, ofisi mbili za walimu. Mahali pengine hawa huingia asubuhi na wale mchana. Mahali pengine kila kundi lina mlango wake. Travnik kuna jengo la zamani ambalo uwanja wake umekatwa kwa uzio wa chuma, huku shule ya Kikatoliki na huku sekondari ya serikali. Nililiona nikipita. Saa ya mapumziko ilikuwa imefika, na kelele za pande zote mbili zilikuwa zilezile za watoto wanaogombania mpira.

Mwaka 2007 waziri wa elimu wa kantoni hiyohiyo aliulizwa lini utaratibu huu utakwisha. Akajibu kwamba matufaha hayachanganywi na mapeasi. Matufaha yakae na matufaha, mapeasi na mapeasi. Alikuwa akizungumzia watoto. Nimesikia viongozi wakisema mengi ya hovyo juu ya elimu, lakini la kumfananisha mtoto na tunda la kupangwa kwenye sanduku lilinipita kimo.

Kinachowatenganisha hasa ni kile wanachokiita kundi la masomo ya taifa: lugha, historia, jiografia, dini, na kwa wadogo somo la mazingira na jamii. Hesabu haina kabila, kemia haina kabila, lakini historia inayo matatu. Na hapa nazungumza kama mtu wa kazi hii. Mwanafunzi yeyote wa Tanzania aliyemaliza kidato cha nne anajua Sarajevo, hata kama hawezi kuionyesha kwenye ramani, kwa sababu tunawakaririsha chanzo cha karibu cha Vita Kuu ya Kwanza: tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip, risasi, mrithi wa kiti cha Austria. Alama mbili, tunaendelea. Katika nchi ambako tukio lilitokea, mtoto mmoja anafundishwa kwamba Princip ni shujaa aliyepigania uhuru, na mwingine, aliye kilomita chache kutoka kwake, anafundishwa kwamba ni gaidi. Hiyo ni habari ya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sasa fikiria vita ya 1992. Mwaka 2000 Baraza la Ulaya lilipendekeza isifundishwe kwanza, mpaka wanahistoria wa pande zote wapate msimamo wa pamoja. Naelewa nia yao. Lakini mwalimu akinyamaza mtoto hakosi kufundishwa. Anafundishwa na mjomba wake mezani, na mjomba hana mtaala.

Nisiwatie wote kwenye kapu moja, kwani walioitaka shule ya pili Jajce hawakuwa wote wachochezi. Mtoto wa Kibosniaki kusoma sekondari nzima kwa mtaala wa Kikroati ni jambo la kweli, na mzazi kulilalamikia ni haki yake. Tena mji ule una vidonda. Ulichukuliwa na jeshi la Waserbia Oktoba 1992, watu kwa maelfu wakakimbia. Majeshi ya Wakroati yakauteka Septemba 1995, na Wabosniaki waliotaka kurudi baadaye walipata tabu kwelikweli. Ukienda Republika Srpska mambo yanageuka: mwaka 2013 wazazi wa Kibosniaki wa Konjević Polje, kijiji kisicho mbali na Srebrenica, ambako jeshi la Waserbia liliua maelfu ya wanaume na wavulana wa Kibosniaki mwaka 1995, waliwatoa watoto shuleni wakaenda kupiga kambi Sarajevo mbele ya ofisi ya Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa, anayesimamia utekelezaji wa mkataba wa Dayton, wakidai watoto wao wafundishwe kundi lao la masomo. Ukimwambia mzazi aliyerudi kuishi jirani na makaburi yale kwamba lazima mwanawe ajifunze historia ya upande mwingine kwa ajili ya umoja, unamtania. Sina moyo wa kumlaumu.

Ndiyo maana dai la wanafunzi wa Jajce lilikuwa na akili kuliko lilivyoonekana. Hawakusema mtaala uliopo ni mzuri, uachwe. Walisema tatizo ni mtaala, basi rekebisheni mtaala, tupate mmoja unaotufaa sote. Msilitibu kwa kutugawa sisi. Watu wazima walikuwa wamezoea kujibu kila malalamiko kwa kuchora mstari mpya, kwa sababu Dayton yenyewe ilijengwa hivyo: mkigombana, kila mmoja apewe chake. Vijana waliozaliwa baada ya vita ndio waliogundua kwamba shule ya pili ikishafunguliwa haifungwi. Ushahidi walikuwa nao, zile 56.

Nilikwenda Jajce kwa basi. Ni mji wa ajabu kwa uzuri: mto Pliva unaanguka kwa maporomoko hadi kwenye mto Vrbas, pale pale mjini, na juu ya kilima kuna ngome ya wafalme wa mwisho wa Bosnia. Chini kuna ukumbi ambao leo ni makumbusho, ambako tarehe 29 Novemba 1943, Wajerumani wakiwa bado wanaikalia nchi, wajumbe wa wapiganaji wa Tito, aliyekuja kuwa kiongozi wa nchi, walikutana na kuamua kwamba Yugoslavia, ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake, itakuwa shirikisho la watu walio sawa. Nilikuwa mgeni peke yangu mle ndani. Kijana aliyenielekeza ngomeni alisoma sekondari pale mjini, na nilimuuliza juu ya maandamano kwa uangalifu, kama mtu anayegusa jipu. Hakuwa na haja ya uangalifu wangu. Alisema kilichowaudhi zaidi ni kwamba waliopiga kura hawakuwahi kuingia darasani mwao hata siku moja, na kwamba marafiki zake alishawapata, asingekubali kurudishwa kuanza upya kuwaona kwa mbali. Halafu akahamia mpira, akitaka kujua habari za Samatta.

Hapo nilimkumbuka baba. Yeye ni mtu wa Bukoba, na alipofaulu darasa la saba alipangiwa Songea Boys, mwisho mwingine wa nchi, safari ya siku kadhaa. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilikuwa imeshazichukua shule za misheni, na mtoto alipelekwa ambako serikali imeona. Mlutheri alilala kitanda cha juu, Mwislamu cha chini, na Mhaya akajifunza kula ugali bila kunung'unika, jambo ambalo baba hulisimulia kama ushujaa wa vita. Sisi tulichanganywa kwa amri, hakuna aliyetuuliza, na zipo taasisi za dini ambazo hadi leo hazijaisahau siku hiyo. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya Wabosnia kama mwalimu wa umoja. Sijui kama baba angeandamana kudai apelekwe Songea.

Dunia iliwasikia vijana wale. Mwaka 2018 walipewa Tuzo ya Max van der Stoel, ya kazi ya kuboresha hali ya jamii za wachache, iliyoambatana na euro 50,000. Niliifurahia, ila naona kichekesho ndani yake: waliopongezwa ni wale waliozuia hali isizidi kuharibika. Shule zilizokwisha kugawanywa ziliendelea kugawanyika. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Shirikisho iliamua kwamba utaratibu huo katika kantoni ya Herzegovina-Neretva ni ubaguzi. Miaka minne baadaye ripoti ya OSCE ikaukuta bado upo huko huko. Sekondari kongwe ya Mostar iliunganishwa mwaka 2004, mwaka uleule ambao daraja la mji lilifunguliwa upya baada ya kuvunjwa vitani, na magazeti ya Ulaya yakapiga picha. Waliunganisha mkuu wa shule na utawala. Madarasa yakabaki mawili mawili.

Nilipowasimulia haya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, swali la kwanza halikuwa la amani wala ukabila. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida anasinzia kipindi changu, aliuliza nani anafaidika. Tukaandika ubaoni: shule mbili ni wakuu wawili, wahasibu wawili, watunza stoo wawili, na kila nafasi ina chama kilichomweka mtu pale. Idadi ya watoto inapungua, familia zinahamia Ujerumani na Austria, lakini viti havipungui. Kisha mvulana mmoja akasema kiti cha mwanafunzi ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu sekondari yao ni miaka minne tu. Walioandamana 2016 wameshaondoka, na ofisi za kantoni bado zipo. Akataka kujua kama walioingia mwaka uliofuata walirithishwa chochote, hata daftari la namna ya kuandaa maandamano. Nilimwambia hilo la daftari asilipeleke kwa mkuu wa shule, kengele ikalia, tukaacha ubao umejaa.