Mkia wa ngege

Jumapili usiku. Walukuba, Jinja.

Mvua ilianza kunyesha alfajiri na ikanikuta macho. Nikalala nikiisikiliza juu ya mabati, nikijua kwamba ikikatika tu, mfereji wa nyuma ya nyumba zetu utafurika maji ya rangi ya chai ya maziwa, yateremke hadi kinamasi cha Kirinya, na samaki waliojificha kwenye mafunjo wapande kuyafuata. Nilipomgongea dirisha mpwa wangu Shafiki, alikwisha vaa gambuti. Hilo nimemfundisha mapema. Maji haya yana kichocho, na sitaki mtoto wa dada yangu ayakanyage peku.

Tulibeba fimbo mbili za mwanzi, mshipi mwembamba, ndoano ndogo kabisa, chubwi, mkebe wa minyoo tuliyochimba jana chini ya migomba, na ndoo nyeupe. Ndoo lazima iwe nyeupe, kwa sababu samaki akiwa kwenye ndoo nyeusi rangi zake humezwa zote. Na daftari, bila shaka. Ni mwaka wa pili sasa tunaandika kila samaki tunayemtoa: tarehe, mahali, urefu, mkia.

Wa kwanza alinasa kwa Shafiki, pale mfereji unapopanuka kabla ya kuingia kwenye mafunjo. Alikuwa mdogo, hajafika urefu wa kiganja, lakini alipigana kama mkubwa. Nilipomgeuza nikaona koo na tumbo vimeiva wekundu, kama mtu aliyepaka mawese. Mgongoni, kwenye pezi, upande wa nyuma, palikuwa na doa jeusi lililozungukwa na duara la njano, mithili ya jicho la pili. Huyo wataalamu humwita Coptodon zillii. Jamaa zake wengi hubeba mayai na watoto mdomoni, yeye hutaga chini kwenye kiota, kisha baba na mama hukilinda pamoja. Shafiki anampenda kwa sababu hiyo, na mimi pia.

Wa pili alikuwa mkubwa zaidi. Shafiki akapaza sauti, "Ngege, mjomba!"

Nilimshika, nikamfungulia mkia kwa kidole gumba na cha shahada. Mistari myembamba ilisimama mmoja baada ya mwingine, tangu shina la mkia hadi ukingoni, imepangika kama mistari ya daftari lenyewe. Sokoni Masese huyu ndiye ngege, hakuna anayemwita vinginevyo. Ndugu zetu wa Mwanza humwita sato. Lakini marehemu baba asingekubali kamwe kumwita ngege. Leo nilimweleza Shafiki kwa nini, na nataka niyaandike hapa kabla hayajanitoka.

Baba alikuwa Mualuri wa Pakwach. Alikuja Jinja kijana, miaka ile ya ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Safari yake aliisimulia mara nyingi hata naweza kuikariri: stima hadi Butiaba, lori hadi Masindi Port, stima nyingine kuvuka Kyoga hadi Namasagali, kisha treni hadi Jinja. Kila mara nilimuuliza, mbona msipande moja kwa moja na mto, si ni Nile hiyohiyo? Naye hujibu kwamba maporomoko ya Murchison hayapandiki, chombo kikifika pale ndio mwisho wake.

Na ndio ulikuwa mwisho wa samaki pia. Chini ya maporomoko, kuanzia Ziwa Albert kwenda Pakwach, mputa, yaani sangara, ni mwenyeji tangu enzi, na huyu mwenye mistari ni mwenyeji vilevile. Juu ya maporomoko, Kyoga na Victoria, hawakuwapo. Huku kulikuwa na ngege mwenyewe, mwili mpana wa duara, kichwa kidogo, mkia mtupu usio na mstari. Kulikuwa na mbiru, ambaye dume lake lina ukingo mwekundu kwenye mapezi. Na kulikuwa na nkejje wa mamia ya aina, hawa wadogo ambao Waganda huwakausha kwa ajili ya mtoto mwenye surua.

Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, zilifika Victoria mwaka 1905, na ngege akaanza kupungua. Mwingereza mmoja, Michael Graham, alifanya uchunguzi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, akapendekeza matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano, na akaonya juu ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake. Miaka ya 1950 wakaletwa hata hivyo. Walibebwa na watu kutoka upande wa magharibi: mwenye mistari, mwenye tumbo jekundu, mwingine mwenye madoa meupe mwili mzima, na mputa. Miaka ya 1980 mputa akalijaza ziwa, na nkejje wa aina nyingi hawajaonekana tena.

Baba aliniambia siku alipomwona mara ya kwanza mwenye mistari kwenye karai la mwanamke pale Masese. Alisimama. Akamfungua mkia kama nilivyofanya leo. "Huyu ni wa kwetu," akasema, "huku amefikaje?" Yule mwanamke alidhani anataka kupunguziwa bei.

Simchukii mputa. Amesomesha watoto wengi mtaani kwetu, viwanda vya minofu vimeajiri akina dada wa Walukuba, na mimi mwenyewe nimekula kichwa chake kwa ugali miaka yote. Kinachoniuma ni jina. Ngege alipoondoka, jina lake alipewa aliyekuja, na sasa mtoto hawezi hata kuuliza yule wa kwanza yuko wapi, kwa sababu neno la kumuulizia lina mwenyewe mwingine. Bado yupo kwenye maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Yala, Kenya, mahali mputa hakufika. Hapa Kirinya, kwa mwaka na zaidi wa daftari letu, hatujampata hata mmoja.

Mnamo saa nne akapita kijana na pikipiki, nyuma amefunga jerikeni lililokatwa juu. Alitaka vifaranga walio hai, akawaweke kwenye kidimbwi chake Kamuli. Alitaja bei nzuri. Nikamkatalia. Akaniuliza, kwa upole kabisa, samaki wa mferejini ni mali ya nani hata nimnyime? Nikamjibu kwamba si suala la mali. Kidimbwi kikifurika, vifaranga hao wataingia kwenye kijito, na kijito kina samaki wake. Nikamwelekeza akanunue vifaranga kwa wafugaji, waliojulikana ni aina gani. Alisikiliza, ila sidhani alikubali. Wote walioharibu ziwa hili walikuwa na nia njema kama yake, na hilo ndilo lililonifanya nisimame naye pale karibu nusu saa huku minyoo inakauka juani.

Wadogo tuliwarudisha palepale walipotoka. Ngege wa kuliwa, kisheria, asipungue inchi 11, na leo hakuna aliyefika.

Isipokuwa mmoja sikumrudisha. Alinasa mwishoni, kwangu, chini ya mizizi ya mafunjo. Urefu wa kiganja na vidole viwili. Mwili mpana kuliko wa pili, umekaribia duara. Kichwa kidogo. Moyo wangu ulianza kwenda mbio kabla sijamfungua mkia, na nilipomfungua, mistari ilikuwepo, lakini minne tu, hafifu, karibu na shina. Katikati ilikatika ikawa madoa. Ukingoni hapakuwa na kitu. Nilimweka kwenye ndoo nyeupe, tukamtazama kwa muda mrefu, Shafiki upande huu na mimi upande ule. Mwenye mistari huzaa na jamaa zake wa aina nyingine, hilo linajulikana, na watoto wao huja na mikia ya namna hii. Labda babu yake mmoja alikuwa ngege. Labda ni wa madoa meupe. Macho yangu hayatoshi.

Sasa yupo kwenye friza ya dada, ndani ya mfuko. Kituo cha utafiti wa samaki kiko hapahapa Jinja tangu 1947, na kesho nitampeleka kabla ya kazi.

Shafiki amekwisha andika kwenye daftari: Jumapili, Kirinya, sentimita 16, mistari minne nusu mkia. Pale pa jina ameniuliza aandike nini. Nimemwambia apaache wazi.