Raba ndogo, kazi ndefu

Tangu Machi nimekuwa nikivaa raba ndogo juu ya vyuma vya meno, na abiria wenzangu kwenye matatu ya Rongai wameshazoea kuniona nimeachama mbele ya kioo cha simu, nikitafuta kindoano cha kuipachika.

Meno yangu ya juu yalikuwa yametangulia ya chini kiasi kwamba chapati niliikata kwa meno ya pembeni. Vyuma vilinyoosha kila safu, lakini kuzikutanisha safu hizo mbili ni kazi ya raba, ambayo kwangu hutoka kwenye chonge ya juu hadi gego la chini, kila upande, ikivuta meno ya juu nyuma na ya chini mbele. Mvuto huo mdogo usiokatika huufanya mfupa ulioshika mzizi umomonyoke upande mmoja na kujengeka upande wa pili, ndipo jino linaposogea. Kwa mtu mzima kama mimi, kinachosogea hasa ni meno, si taya lenyewe.

Hilo la "usiokatika" ndilo lililonishinda. Niliagizwa nizivae saa 22 kwa siku na kuzibadilisha kila siku, kwa sababu hulegea zikikaa kinywani. Nilizembea wikendi mbili, kisha nikajaribu kufidia kwa kuvaa mbilimbili. Nilivuna maumivu tu, na daktari (mpole, lakini macho yake!) akanieleza kwamba nguvu ikizidi huweza kudhuru mizizi.

Jana asubuhi niliuma andazi kwa meno ya mbele, likakatika.