Jinsi nilivyotoa ukungu na ukijani kwenye ukuta wa nje

Upande wa nyumba usiopata jua ulikuwa umeshakuwa kijani kabisa, na chini ya dirisha kuna madoadoa meusi ambayo hata ukisugua na sabuni hayatoki. Nikadondosha jiki kidogo kwenye doa moja, baada ya kama dakika hivi likafifia, hapo nikajua ni ukungu, maana lingekuwa vumbi tu lingebaki vilevile.

Basi nikachanganya jiki kipimo 1 na maji vipimo 4, sabuni ya vyombo kidogo ili ishike ukutani, nikavaa glovu na miwani. Na jamani, jiki msichanganye na siki wala dawa yenye amonia, inatoa gesi ya sumu, hilo sio la kujaribu kabisa. Maua ya chini ya ukuta niliyamwagia maji mengi kabla na baada. Nikapuliza kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu ukianzia juu inachuruzika inaacha michirizi, nikaacha dakika 10 bila kukauka, nikapitisha brashi laini halafu nikasuuza kuanzia juu. Mashine ya kuoshea kwa maji ya presha sikuitaka, inasukuma maji nyuma ya zile bodi zilizofunika ukuta na huko ndio ukungu unazaliana vizuri.

Ila kilichomaliza tatizo ni gata, ule mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa, ilikuwa imezibwa na majani, maji yanamwagikia ukuta uleule kila mvua ikinyesha. Nikaizibua, nikakata na matawi yaliyoegemea ukuta ili upepo upite, na mpaka sasa haujarudi kuwa kijani.