Tarehe ya Kuwasilisha Shauri Isiachiwe Mkandarasi

Msimamizi wa mradi wa TEHAMA mahakamani anapaswa kuzijua kanuni za mahakama kama anavyozijua hadidu za rejea, kwa sababu mengi yanayoletwa mezani kwake kama masuala ya kiufundi ni masuala ya haki za wadaawa, yaani wenye kesi.

Mfano ninaourudia katika kila kikao ni tarehe ya kuwasilisha shauri. Kanuni za Tanzania za uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Na. 148, zilieleza katika kanuni ya 21 kwamba waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa umewasilishwa siku hiyo. Ndani ya mfumo wa kielektroniki unaopokea nyaraka hizo, hata hivyo, shauri hilohilo hubeba nyakati nne: wakili alipotuma hati, msajili alipoikagua na kuikubali, namba ya malipo ilipotolewa, na ada ilipothibitishwa kulipwa. Mtengeneza programu ambaye hakuelekezwa atachagua wakati mmojawapo, na hatakuwa na sababu ya kuuliza. Mdaawa ambaye muda wake wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kisheria wa kufungua shauri, unakwisha Ijumaa, akatuma hati jioni hiyo na msajili akaifungua Jumatatu, atajikuta anapingwa kwamba amechelewa, ilhali sheria ilikuwa upande wake. Mawakili wamekwisha kubishana mbele ya majaji kuhusu suala hilihili, kama shauri huhesabiwa tangu kutumwa au tangu ada kulipwa, na si haki mabishano ya namna hiyo yaamuliwe kimyakimya na hifadhidata.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba nyakati zote nne zihifadhiwe kila moja peke yake, asiwepo wa kuzifuta, na hati inapokataliwa sababu iandikwe pamoja na jina la aliyeikataa. Majaribio ya kuupokea mfumo nayo yafanyike usiku, dakika moja kabla ya saa sita, na yarudiwe huku mfumo wa malipo umezimwa. Majaribio ya saa nne asubuhi mbele ya wageni hayanionyeshi chochote.

Lipo pia suala la mfumo kutopatikana. Kanuni zilezile zilimpa aliyekwamishwa na hitilafu nafasi ya kuomba nafuu mahakamani siku ya kazi inayofuata, lakini ataithibitishaje hitilafu? Wakandarasi huleta taarifa ya mwezi inayotaja asilimia ya muda ambao mfumo ulipatikana. Asilimia 99 katika mwezi wa siku 30 inaacha zaidi ya saa saba ambazo mfumo haukupatikana, na taarifa hiyo haimwambii msajili kama saa hizo zilikuwa za alfajiri Jumapili au za jioni ya siku ya mwisho ya rufaa ya mtu. Mimi hudai orodha ya kila hitilafu, saa ilipoanza na saa ilipokwisha, ambayo msajili anaweza kuifungua mwenyewe bila kumpigia mkandarasi simu, na sharti hilo naliandika kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.