Kazi za AI sio Silicon Valley tu jamani

Vijana wakinijia inboksi kuhusu kazi za AI majina ni yaleyale, Google, OpenAI, Meta, basi. Hakuna anayeuliza Argonne, maabara ya taifa ya Marekani. Labda mtu akisikia "maabara" anawaza makoti meupe na chupa za kemia, ila mimi mtu anayependa hesabu kwelikweli ningemwelekeza huko kwanza.

Wizara ya Nishati ya Marekani ina maabara za taifa 17, na kuna watu humo kazi yao kutwa ni kutunga algorithimu, yaani hatua ambazo kompyuta inafuata kutatua tatizo. Argonne iko nje kidogo ya Chicago, na miaka ya 70 pale ndo walikuwa wanatengeneza LINPACK, programu ya kutatua milinganyo mingi kwa mpigo, Jack Dongarra akiwa mmojawapo, halafu 1992 ikatoka LAPACK, mrithi wake, na leo ukiwa zako Mbagala na laptop ukaandika numpy.linalg.solve, amri ya kutatua milinganyo kwenye Python, huko chini anayepiga kazi ni LAPACK. Dongarra akaja kupewa tuzo ya Turing ya 2021, ile kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta, stahiki yake kabisa.

Ila inayonikosha mimi ni ya 1996. Miaka ya 30 mwanahisabati Herbert Robbins aliuliza kama aljebra fulani yenye kanuni tatu tu ndo ileile ya Boole, ile ya mantiki ya kweli na si kweli, wakali wa hesabu wakalihangaikia hilo swali miaka sitini hivi, hadi Tarski, gwiji wa mantiki, wapi. William McCune wa Argonne akaandika programu inaitwa EQP, akaiachia, ikasaga siku kama 8 ikatoka na uthibitisho, na uthibitisho wenyewe unaukagua hatua kwa hatua kwa kalamu yako. Sio kama hizi chatbot zinakudanganya huku zimekaza macho! Kule ukileta modeli yako swali la kwanza ni umejuaje kama iko sahihi, na kwa vile matokeo yanaingia kwenye mambo ya nyuklia na hali ya hewa, "inaonekana inafanya kazi" haipiti.

Hela ni ndogo kuliko kampuni kubwa za teknolojia, tusidanganyane. Ila mashine sasa... Frontier, kompyuta kubwa ya maabara ya Oak Ridge, mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza kutambuliwa kuvuka hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, chuo gani kitakupa hiyo?

Kikwazo ni makaratasi. Maabara za Los Alamos, Livermore na Sandia zinahusika na silaha za nyuklia kwa hiyo kazi nyingi zinataka raia wa Marekani, soma tangazo vizuri kabla hujajichosha. Argonne, Oak Ridge na Berkeley huwa wanachukua watafiti wa nje waliomaliza PhD, japo kukaguliwa kunachukua muda. Na nyie mlioko Marekani na grini kadi mpo digrii ya kwanza, tafuteni SULI, ni mafunzo ya vitendo ndani ya hizi maabara na wanalipa.