Modemu moja, kompyuta mbili

Hapa Mwanga, Kigoma, bado kuna watu wana zile desktopu za Windows XP na Windows 7, hazina waifai, ukiuliza unaambiwa tupa nunua laptopu, mi nakataa kabisa, mashine inawaka vizuri na mtoto anajifunzia kuandika, unaitupaje? Kama unazo mbili na modemu moja ya USB, na unataka zote zipate neti, tafuta waya wa netiweki tu, chomeka huku na huku, ila kadi za netiweki za hizo kompyuta zikiwa za kizamani sana utahitaji ule wa krosi (nyaya zake za ndani zimepishanishwa upande mmoja), wa kawaida hautasoma. Kwenye mashine yenye modemu fungua propati za koneksheni yake, ingia sehemu ya kushea, weka tiki ya kuruhusu kompyuta nyingine itumie neti hiyo, basi. Hiyo mashine ikiwa XP itajipa anwani (namba yake ya kutambulika kwenye netiweki) 192.168.0.1, Windows 7 inajipa 192.168.137.1, ile kompyuta ya pili usiiandikie namba yoyote, iache ichukue yenyewe. Yenye modemu ndo lazima ibaki inawaka, ikizimwa mwenzie hana neti. Na jamani, Microsoft waliacha kuilinda XP 2014 na Windows 7 Januari 2020, kwahiyo mambo ya benki msiyafanyie humo.